Mchinjaji Asiyeruhusiwa Kuadhibiwa

Balozi alisema Othman asiadhibiwe, na kweli hakuadhibiwa. Hakufukuzwa kazi, hakuitwa kituoni, wala hakuna aliyemnyooshea kidole. Alinyimwa ng'ombe tu.

Kila alfajiri, baada ya swala, alifunga kisu chake katika kitambaa cha marekani, akapanda baiskeli mpaka machinjio ya Wathome, nje kidogo ya mji wa Machakos kwenye njia ya Mitaboni. Huko alipokelewa kwa heshima ambazo hajawahi kuziona tangu azaliwe. Wachunaji walimwamkia kwa mikono miwili. Wathome, mwenye machinjio, alitoka ofisini mwake na kumletea kiti. Miaka kumi na tisa Othman alikuwa amesimama mle ndani, damu imemfika vifundoni, na hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba ana miguu inayochoka.

"Kaa hapa, mzee," Wathome alimwambia. "Pumzika kabisa."

"Nimepumzika nyumbani. Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe ziko. Lakini leo Salah ako hapa, si unamjua, yule wa Matuu. Wacha afanye yeye."

"Jana pia alifanya yeye. Na juzi."

Wathome alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya Othman ashindwe hata kumkasirikia. "Sasa mzee, nifanye aje? Nikikupatia kisu halafu ng'ombe ikupige teke, kesho gazeti itasema Wathome amekuumiza juu ya ile maneno. Mimi niko na watoto. Wewe kaa tu, chai inakuja."

Mchinjaji halipwi kwa kukaa. Katika mji ule, kama katika miji mingi ya Ukambani, wenye mabucha wengi ni watu wa kanisa, lakini kisu hushikwa na Mwislamu ili nyama iliwe na kila mtu na asiwepo wa kuikataa. Mchinjaji hulipwa kwa kichwa cha mnyama. Pasipo mnyama hana malipo, hana kipande cha maini cha kupeleka nyumbani, na hana sababu ya kufunga kisu katika kitambaa asubuhi. Othman alikunywa chai ya Wathome, akakaa kwenye kiti cha Wathome, akatazama mikono ya mtu mwingine ikifanya kazi yake. Saa tatu alirudi nyumbani.

Habiba, mkewe, alikuwa amekwisha kujua kabla hajauliza. Alikitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe, bila tone la damu.

"Leo pia?"

"Leo pia," Othman alisema. Alikitundika kisu kwenye msumari wake, akaingia chumbani, akajilaza huku macho yakiwa wazi.

Habiba alirudi kwenye unga wake wa mandazi na kuukanda kwa nguvu ambazo unga haukuzihitaji. Moyo ulimwenda mbio. Ulikuwa unamwenda mbio kwa wiki sita sasa, akiwa amekaa, akiwa amelala, hata akiwa kwenye mkeka wa kuswali, kwa sababu maneno yaliyomponza mumewe hayakutoka katika kinywa cha mumewe. Aliyeyasema ni yeye.

Ulikuwa mwaka wa 2009, na ukame ulikuwa umewakausha watu mpaka wakaacha kuzungumzia mvua. Kamati moja iliundwa, ikaitwa Kamati ya Nyama ya Ukame. Kazi yake ilikuwa kununua ng'ombe wa wakulima kabla hawajafa, wachinjwe, na nyama igawiwe shule za upande wa Ndithini ambako watoto walikuwa wakizirai darasani. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Lakini kuna siku lori lilifika machinjioni na ng'ombe kumi na mmoja, na wote walikuwa wamekufa njiani, wengine wamekwisha kuvimba. Othman aliambiwa apitishe kisu shingoni ili wapigwe muhuri wa nyama safi. Alikifunga kisu chake na kwenda nyumbani. Alimweleza mkewe usiku ule, kisha hakulitaja tena.

Baada ya siku chache, gari lenye namba nyekundu za ubalozi lilisimama mlangoni pao. Alishuka mwanamke mmoja wa Kizungu, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama cha vitabu. Alisema amesikia kwamba mchinjaji Othman aliondoka kazini siku fulani, na angependa kujua kwa nini. Othman alimjibu kwamba yeye ni mtu wa kisu, mambo ya kamati hayajui. Kisha akatoka kwenda msikitini, maana katika nyumba ile, kama mgeni ni mwanamke, mgeni huyo ni wa mama. Ndivyo marehemu baba yake alivyofanya, na babu yake aliyekuja kutoka pwani zamani hizo akiwa mpishi wa reli naye alifanya vivyo hivyo.

Mgeni aliingia jikoni, akakalia kigoda, akaomba apewe vitunguu amenye. Nani ataona mgeni anatokwa na machozi ya vitunguu vyake na aendelee kumficha mambo? Habiba alikuwa na dada Ndithini, na watoto wa dada huyo walikula nyama ya ng'ombe wale, waliokatwa hivyo hivyo baada ya Othman kuondoka. Alimwambia yote. Alimwambia kwa saa nzima, tena kwa raha, kama mtu anayetua mzigo. Mgeni hakuandika neno. Alipofika ofisini kwake ndipo alipoandika, na kwa kuwa nyumba aliyoingia ilikuwa ya Othman, na habari ilimhusu Othman, aliandika: *Haya tumeambiwa na Othman, mchinjaji wa Machakos.* Pengine kwa adabu ya kwao aliona anampa mwenye nyumba heshima yake.

Ripoti ile iliandikwa isomwe na wakubwa wa huko kwao. Lakini mtu fulani, ambaye hakuna anayemjua hadi leo, aliiba mamia ya karatasi za ubalozi na kuzimwaga, na magazeti yakazichapisha wiki nzima. Kurasa za mbele zilikuwa za mawaziri na mahindi. Othman alikuwa ukurasa wa nne. Siku mbili baadaye balozi alitoa onyo kwamba nchi yake haitavumilia mtu yeyote aliyetajwa katika nyaraka zile atishwe, afungwe au aadhibiwe, na kwamba wanafuatilia kwa karibu. Habiba alilisikia onyo hilo redioni huku mandazi yakiungua. Alifurahi. Alidhani jambo limekwisha.

*

Wiki ya saba, jioni, Bartholomew alikuja nyumbani. Ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ile, mtu wa suti na viatu ambavyo vumbi la Machakos halikuthubutu kuvishika. Alikuja na kilo mbili za nyama ndani ya gazeti, akamkabidhi Habiba kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mwaitu, hii ni ya watoto," alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Watoto wetu wameshaoa na kuolewa," Habiba alisema.

"Basi ni ya wazee," Bartholomew alicheka. Alikaa bila kukaribishwa. "Mzee Othman, mimi sikuji kwa ubaya. Sisi hatuna shida na wewe. Si umeona vile tumekaa tu, hata hatujakuuliza swali?"

"Nimeona."

"Juzi hata wale watu wa ubalozi walinipigia simu. Wakaniuliza, Othman ako aje? Nikawaambia ako salama, kazi yake iko, hakuna mtu amemfuta. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli. "Ni kweli," Othman alisema.

Habiba alikuwa amesimama mlangoni na kilo mbili za nyama mikononi. Nyumba ya mchinjaji ilikuwa haijanusa nyama kwa mwezi mmoja na nusu, na sasa ililetewa kama sadaka. Alitaka kumrushia usoni. Badala yake aliishika vizuri zaidi, kwa sababu alikuwa na njaa, na kwa hilo alijichukia.

"Sasa, wewe mwenyewe husema hukusema hiyo maneno," Bartholomew aliendelea.

"Sikusema."

"Mimi nakuamini. Kwa hivyo nimeongea na Imamu Nurudin. Ijumaa, baada ya swala, tukutane pale madrasa. Ushike msahafu, useme tu vile unasema kila siku: sikumwambia mgeni jambo lolote. Mtu wa gazeti atakuwa hapo. Hakuna uongo hata kidogo. Wathome naye ameniambia Jumamosi asubuhi uko na ng'ombe nane zinakungoja."

"Na ile nyama ya Ndithini?" Habiba aliuliza kutoka mlangoni.

Bartholomew alimgeukia kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. "Nyama itaendelea, mwaitu. Ilisimama juu ya hii maneno ya gazeti. Mzee akishaapa, watu wataona ilikuwa porojo, na lori zinarudi barabarani. Watoto wale kule wako na njaa, ama wewe huwahurumii?"

"Ng'ombe wakifa njiani tena?"

"Karatasi yangu ya kiapo haijataja ng'ombe," Bartholomew alisema kwa upole. Aliinuka, akapangusa suruali, akaaga.

Nyama ile waliipika. Othman aliuliza imechinjwa na nani, akaambiwa na Salah, akasema Salah ni mtu mwaminifu. Walikula kidogo, kisha Habiba akauliza.

"Utaapa?"

"Nitaapa. Kuna ubaya gani? Nitaapa juu ya kinywa changu, na kinywa changu nakijua."

"Watu watasema kumbe ng'ombe walikuwa wazima."

"Watu waseme wapendavyo. Mimi sikuulizwa habari za ng'ombe. Nimeulizwa kama nilisema, nami sikusema." Aliramba vidole, akamtazama mkewe usoni, akakaa akimtazama. "Au wewe una neno?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Habiba alipaona kabisa, kama mtu anayeona daraja. Lakini wiki ya kwanza ingekuwa rahisi, alijiambia, wiki ya pili bado ingewezekana. Leo ni siku ya arobaini na ngapi mtu huyu anaketi kwenye kiti cha aibu kwa ajili yangu, nitaanzia wapi?

"Sina," alisema, akakusanya vyombo.

*

Siku ya Jumatano alifunga kibanda chake cha chai mapema, akanunua kadi ya simu, akaenda kusimama nyuma ya stoo ya mahindi mahali pasipo na watu. Namba ya ubalozi aliikata gazetini. Alipoibonyeza alikosea mara mbili.

Alipokea msichana wa Kikenya mwenye sauti ya Nairobi. Habiba alijieleza haraka haraka, akiogopa salio. Alisema jina lililoandikwa kwenye ripoti limekosewa. Aliyesema si Othman, ni mkewe.

"Mama, pole, lakini hizo nyaraka ubalozi hauwezi kusema ni zetu wala si zetu," msichana alisema.

"Na onyo lenu? Lile la redio?"

"Onyo ni letu."

"Sasa mnaonya watu juu ya karatasi ambayo hamjui kama ni yenu?"

Msichana alishusha sauti, na Habiba alihisi kwamba naye ana mama mahali fulani. "Ndivyo tumeambiwa tuseme, mama."

"Basi nisaidie hivi. Niongeze mimi. Andika Habiba, mke wa Othman, Machakos. Mniongeze kwa hao ambao hamtaki waadhibiwe."

"Mama, hakuna kuongeza. Ni wale tu walitajwa. Wewe hukutajwa, kwa hivyo wewe uko sawa, hakuna mtu anakujua. Kaa tu nyumbani."

"Mwanangu, na nikijitaja mwenyewe?"

Simu ilikatika. Salio lilikuwa limekwisha.

Alirudi njia ndefu, akapita sokoni bila kununua kitu, akarudi, akapita tena. Wanawake wa vitunguu walimsalimia, hakusikia. Alikumbuka jina lake la Kikamba la utotoni, Nthambi, na jinsi mama yake kule Mitaboni alivyokuwa akimwambia kwamba mdomo wake utamtoa nyumbani. Haukumtoa. Ulimtoa mumewe, tena kazini. Alikuwa na hasira na yule mgeni wa vitunguu, na balozi, na Bartholomew, lakini hasira kubwa kuliko zote alikuwa nayo juu yake mwenyewe, na hiyo hakuwa na mahali pa kuipeleka.

*

Siku ya Ijumaa, Imamu Nurudin alituma watu waombe chai na mandazi kwa ajili ya wageni. Kwa njia hiyo Habiba akapata kuingia madrasa. Alibeba birika kubwa mkono wa kulia na sahani kichwani, akapita katikati ya polisi wawili waliokuwa wameegemea ukuta nje, akawakuta wanaume wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti yao yakiwa karibu na videvu. Wathome alikuwa amevaa koti la harusi. Mtu wa gazeti alikuwa akifuta kamera kwa ncha ya shati. Bartholomew alikuwa na faili mapajani. Othman, aliyetia udhu na kuvaa kanzu nyeupe, aliketi mbele ya meza ndogo yenye msahafu.

Habiba alimimina chai. Alimimina kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, na cha nne kikafurika kwenye sahani ya Wathome.

"Pole pole, mwaitu," Wathome alinong'ona.

Imamu Nurudin alikohoa. Alikuwa mzee wa sauti ndogo, na siku ile haikuwa kubwa zaidi. "Othman, unajua uzito wa jambo hili. Utaapa yale tu unayoyajua."

"Najua."

"Sema basi."

Othman aliweka mkono wa kulia juu ya msahafu. Mtu wa gazeti aliinua kamera. Habiba aliona kucha za mumewe, safi mno, kucha za mtu asiye na kazi, na birika likamponyoka likagonga sakafu.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Wathome alikuwa ameinua miguu asiungue.

"Niliyesema kwa mgeni ni mimi. Othman hakuwepo. Alikwenda msikitini, mgeni akakaa na mimi jikoni, nikamwambia kila kitu. Ng'ombe walikuwa wamekufa. Walikuwa wamekufa, na walikatwa hivyo hivyo, na watoto wa Ndithini wakala. Hata mkimwapisha mume wangu mara mia, wale ng'ombe walikuwa wamekufa."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, na alipomaliza, wiki saba zilitoka kifuani mwake. Kwa mara ya kwanza hakutaka kukimbia.

Bartholomew hakukasirika. Alifungua faili, akatoa kipande cha gazeti, akakipitisha kidole mstari kwa mstari, bila haraka, kama mwalimu anayeita majina darasani. "Hapa kuna Othman," alisema. "Habiba hakuna." Alipitia tena. "Hakuna kabisa. Mwaitu, unajua hiyo maana yake ni nini? Hawa watu wa ubalozi wametuonya juu ya bwana yako. Tumesikia. Juu yako hawajasema hata neno moja." Aligeuka mlangoni. "Koplo! Ingia kidogo."

Polisi mmoja aliingia, akavua kofia kwa ajili ya msahafu, akairudisha.

"Kusambaza uvumi wa kuharibu msaada wa njaa, hiyo ni kesi," Bartholomew alisema. "Na kibanda chako pale sokoni, ulipewa ruhusa na nani? Tutaangalia. Imamu, tuendelee. Sasa ni wazi kabisa mzee hana makosa. Mzee, apa, ukachukue kazi yako."

Othman hakuwa amesogea. Mkono wake ulikuwa bado juu ya msahafu, na mbele yake palikuwa na ng'ombe wanane wa kesho asubuhi, na jina safi, na maneno ya kweli ambayo hayangemchoma ulimi. Alimtazama mkewe. Halafu aliuinua mkono taratibu, akausukuma msahafu kwa heshima mpaka upande wa pili wa meza, karibu na Imamu.

"Anadanganya," alisema.

"Nani anadanganya?"

"Mke wangu. Anataka kuniokoa. Aliyesema ni mimi, kama ilivyoandikwa." Alimgeukia mtu wa gazeti. "Wewe, bwana, kalamu unayo? Andika. Lori lilileta ng'ombe kumi na mmoja. Wote walikuwa wamekufa. Wanne walikuwa wamevimba. Nikaambiwa nipitishe kisu wapigwe muhuri, nikakataa, nikaenda nyumbani. Hayo ndiyo niliyomwambia mgeni, na leo nakwambia wewe."

Mtu wa gazeti aliandika.

"Mzee, wiki saba umekuwa ukikana!" Bartholomew alisimama. Sauti yake ilikuwa imepoteza upole.

"Niliogopa. Mtu huogopa."

"Utaapa basi kwamba ni wewe?" Bartholomew alimgeukia Imamu. "Mwapishe! Mwapishe sasa hivi kwa hiyo maneno!"

"Siapi," Othman alisema. "Nimesema. Kuapa siapi."

Imamu Nurudin alimtazama Othman, akaitazama nafasi iliyokuwa kati ya mkono wake na msahafu, na alikuwa mzee wa kutosha kuelewa. Aliuchukua msahafu, akaufunga katika kitambaa chake. "Hatumlazimishi mtu kiapo katika nyumba hii," alisema, na sauti yake ndogo ilimfikia kila mmoja.

Koplo alibaki amesimama, hajui amkamate nani. Mmoja hakutajwa na amesemwa kuwa mwongo, mwingine ametajwa, na balozi anamfuatilia. Mwishowe aliokota birika, akampa Habiba.

Wathome ndiye wa kwanza kutoka. Mlangoni alimgusa Othman bega, akaenda zake.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu. Othman alisukuma baiskeli, na Habiba alimfuata nyuma akiwa na birika tupu. Watu waliwasalimia, wakajibu. Walipopita soko na nyumba zikapungua, Habiba alimfikia.

"Kwa nini ulisema uongo? Wewe, Othman? Kazi ilikuwa mkononi mwako."

"Juu yangu wameonywa," Othman alisema bila kugeuka. "Wakinifunga, kuna mtu Nairobi ataulizia. Wewe wakikufunga, nani ataulizia?"

Jua lilikuwa kali na kila kitu kando ya njia kilikuwa na rangi ya udongo. "Lakini hukushangaa," Habiba alisema polepole. "Niliposema ni mimi, hukushangaa hata kidogo. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuacha jikoni na mgeni saa nzima. Mlikuwa mkizungumza nini, bei ya vitunguu?"

"Tangu siku ya kwanza ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniuliza?"

Othman alisimamisha baiskeli. Alipogeuka, Habiba aliona hasira usoni pake, hasira ya kweli, iliyokuwa imefungwa muda mrefu na kutunzwa vizuri kama kisu chake. "Nilikuuliza, Habiba. Kila nilipoingia nyumbani na kitambaa cheupe nilikuuliza. Juzi nikakuuliza kwa mdomo, mkono wangu ukiwa kwenye sahani yako, ukaniambia huna neno. Ungeniambia mimi kwanza. Mimi, ndani ya nyumba yangu. Umeona afadhali nisikie pamoja na Bartholomew."

Habiba alianza kulia, akalia kwa sauti, katikati ya njia, kama mtu aliyefiwa. Othman hakumbembeleza na hakumwambia anyamaze. Aliishika baiskeli kwa mikono miwili, akamngojea pale pale juani mpaka alipomaliza. Kisha wakashika njia tena, naye hakutangulia mbele. Lakini hakusema naye neno mpaka wakafika nyumbani, wala siku ile yote, na hakuna kati yao aliyejua kesho watakula nini.